Mkulima Aliyekuwa Waziri, na Kosa la Kunyamaza



Mwezi wa Februari mwaka 1973 watu wa Ireland waliambiwa kwamba mzee Frank Aiken hatasimama tena katika uchaguzi wa Bunge, kwani daktari wake amemkataza. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 75. Alikuwa amekaa Bungeni karibu miaka 50, na katika miaka hiyo alipata kuwa Waziri wa Ulinzi, Waziri wa Fedha na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mzee wa miaka 75 akisema amechoka, nani atashangaa? Watu wakamshukuru kwa kazi yake, uchaguzi ukaendelea.

Lakini habari ile haikuwa kweli. Daktari hakuwa na neno lolote katika jambo hilo. Aiken aliondoka kwa sababu chama chake, Fianna Fáil, chama alichosaidia kukiunda kwa mikono yake mwaka 1926, kilikubali kumsimamisha mgombea ambaye yeye aliamini hafai kukabidhiwa madaraka ya nchi. Alimwambia mkuu wa chama: mkimpitisha mtu huyu, mimi simo. Wakampitisha. Naye akataka kuitangaza sababu yake kwa watu wote, lakini wenzake wa siku nyingi wakamsihi asikiharibie chama katikati ya uchaguzi, akakubali. Akaenda nyumbani kwake, na uwongo wa daktari ukabaki ukisemwa kwa jina lake.

Wako wanaosifu jambo hili. Husema: tazama uaminifu wa mwanachama wa kweli, alimeza uchungu wake kwa ajili ya chama. Mimi sikubaliani nao, na leo nataka kueleza kwa nini. Lakini kwanza yafaa tumjue mtu mwenyewe. Kosa la mtu hafifu halina faida kuzungumzwa. Huyu hakuwa mtu hafifu.

Aiken alizaliwa tarehe 13 Februari 1898 huko Carrickbracken, karibu na kijiji cha Camlough katika wilaya ya Armagh, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mjenzi, akafa mwaka 1900, mtoto ana miaka miwili tu. Mama naye akafa kijana bado hajawa mtu mzima. Basi kazi ya shamba ikamwangukia yeye. Wenzake wa umri ule walikuwa wakisoma vitabu vya uwakili na udaktari, naye alikuwa akiangalia ng'ombe na kitani. Kitani ni zao la taabu: hung'olewa kwa mkono, huloweshwa majini siku nyingi mpaka likanuka, hukaushwa, kisha hupelekwa kinuni kupigwa hata nyuzi zitoke. Mkulima mmoja peke yake haliwezi. Ndiyo sababu wakulima wa Camlough walikuwa na ushirika wao wa kinu cha kitani, na kijana Aiken akawa mmoja wa walioshughulika nao. Naona mafunzo yake ya kwanza ya siasa aliyapata hapo, katika hesabu za ushirika na ugomvi wa wakulima juu ya zamu ya kinu, kabla hajasikia hotuba ya mtu yeyote.

Mwaka 1914 akaingia katika jeshi la watu wa kujitolea, akajifunza pia lugha ya kwao ambayo Mwingereza alikuwa ameisukuma mpaka ukingoni mwa bahari. Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1919 mkulima huyu akawa mpiganaji wa msituni, na kufika mwaka 1921 alikuwa amiri wa divisheni nzima ya IRA, na umri wake miaka 23. Askari wa serikali walilipiza kisasi kwa kuichoma moto nyumba yake.

Sitamfanya malaika. Tarehe 17 Juni 1922, huko Altnaveigh karibu na mji wa Newry, wapiganaji waliokuwa chini ya amri yake waliwaua usiku raia 6 wa madhehebu ya Kiprotestanti, majirani wasiokuwa na silaha mikononi. Ilisemwa kwamba ni kisasi kwa maovu waliyotendewa Wakatoliki. Kisasi kilikuwapo, na maovu yalikuwapo. Lakini waliouawa walikuwa wakulima kama yeye, wa udongo ule ule, na Aiken hakupata kulijibu jambo hilo mbele ya watu mpaka alipokufa. Yeyote anayeandika habari zake akaliruka jambo hili, basi anaandika tangazo.

Vita na Mwingereza viliisha kwa Mkataba wa Desemba 1921. Mkataba huo uliwapa watu wa Ireland dola, lakini dola yenye kiapo cha utii kwa Mfalme, na nchi iliyokwisha kukatwa vipande viwili: wilaya 6 za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Camlough ikawa upande wa huko. Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Mtu amepigania nchi, amechomewa nyumba, na siku ya uhuru shamba lake liko ng'ambo ya mpaka. Kwa maisha yake yote ya siasa Aiken aliwakilisha Bungeni wilaya ya Louth, ambayo ni jirani kabisa na kwao.

Mkataba ule uliwagawa wapigania uhuru. Mwezi Juni 1922 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Aiken hakuutaka ugomvi huo. Alihangaika kwa miezi akiwaomba wakubwa wa pande zote mbili waache, akakataa kuunga mkono upande wowote, mpaka askari wa serikali mpya walipomkamata katika mji wa Dundalk mwezi Julai na kumtia ndani. Akatoroka, kisha akarudi mwezi Agosti na watu wake akauteka mji huo. Hivyo akaingia vita alivyovichukia.

Tarehe 10 Aprili 1923 Liam Lynch, mkuu wa majeshi ya upande waliokataa Mkataba, alipigwa risasi milimani akafa. Aiken ndiye aliyechaguliwa kushika mahali pake. Hapo alikuwa na miaka 25. Alirithi jeshi lililoshindwa: watu wachache milimani, maelfu gerezani, wengine wamekwisha kupigwa risasi na serikali. Angeweza kuendelea. Wako viongozi wengi katika dunia hii ambao wakipewa jeshi lililoshindwa huendelea kulipeleka kufa, maana hawana ujasiri wa kuwaambia watu wao kwamba wameshindwa. Aiken tarehe 30 Aprili akasimamisha mashambulizi, na tarehe 24 Mei 1923 akatoa amri ambayo watu wa Ireland wanaijua mpaka leo: ficheni silaha, rudini makwenu. Hakuwaambia wasalimu amri wala waziharibu bunduki zao. Aliwaambia wazifiche tu. Hapakuwa na mkataba wa kumaliza vita wala sahihi ya mtu. Vita vilikoma kwa amri ya mkulima mmoja aliyeona kwamba damu iliyokwisha kumwagika inatosha.

Miaka 9 ikapita. Mwezi Machi mwaka 1932 Fianna Fáil, kwa kura si kwa bunduki, ikachukua serikali, na Éamon de Valera akamfanya Aiken kuwa nani? Waziri wa Ulinzi! Yaani mkubwa wa jeshi lile lile lililomwinda milimani. Wengi waliogopa. Maofisa wa jeshi wakangoja kufukuzwa, na wapiganaji wa zamani wakangoja kupewa nafasi zao. Karibu kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda gerezani Arbour Hill kuwatoa wafungwa wa siasa. Lakini maofisa hakuwafukuza. Aliwaacha kazini watu waliopigana naye, nao wakamtii. Mimi nalihesabu jambo hili kuwa kubwa kuliko vita vyote alivyopigana. Nchi ngapi zilizopata uhuru baadaye zimeliweza?

Sina nafasi ya kueleza yote ya miaka ile: kiapo cha utii kilivyofutwa mwaka 1933, na ugomvi wa biashara na Uingereza ulivyowaumiza wakulima. Serikali ya de Valera ilikataa kuendelea kuipa Uingereza fedha za mikopo ya ardhi, ambazo kila mkulima alikuwa akilipa ili awe na haki juu ya shamba ambalo mababu zake walinyang'anywa. Mwingereza akajibu kwa ushuru mkali juu ya ng'ombe wa Ireland. Bei ikaanguka, ndama wakachinjwa bila mnunuzi. Ugomvi ulimalizwa mwaka 1938 kwa Ireland kulipa pauni milioni 10 mara moja basi, na Uingereza kurudisha bandari tatu ilizokuwa imezishikilia. Wakulima ndio waliolipa gharama ya kusimama imara, na mawaziri wa mjini ndio waliopigiwa makofi.

Bandari zile zilikuwa na maana yake. Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza, na bila bandari hizo kurudi Ireland isingeweza kukaa nje ya vita. Aiken alipewa kazi ya kusimamia mipango ya ulinzi, na pamoja nayo kazi ya kukagua magazeti. Kazi hii ya pili aliifanya kwa ukali wa kupindukia. Aliamini kwamba kutokuwa upande wowote ni pamoja na kutosema lolote, hata habari za ukatili wa Hitler zikazuiwa magazetini kana kwamba ukatili nao ni upande wa pili wa shauri ambao yampasa mtu asiupendelee. Hapo nasema alikosa, na alikosa vibaya. Lakini msimamo wenyewe wa kutoingia vitani aliutetea kama mwanamume. Mwezi Aprili 1941 alikwenda Washington kumwomba Rais Roosevelt silaha na meli. Roosevelt alitaka Ireland iisaidie Uingereza; Aiken akarudia tu kwamba nchi yake itampiga yeyote atakayeivamia, awe Mjerumani awe Mwingereza. Yasimuliwa kwamba Roosevelt alikasirika mpaka akavuta kitambaa cha meza, vijiko na visu vikaruka chini. Mkulima wa Camlough akakaa kimya akingoja jibu la swali lake.

Alikuwa mtu wa namna hiyo: mzito wa maneno, msemaji wa kuchosha kwa kweli, na hotuba zake Bungeni ziliwafanya watu watoke nje. Nyumbani kwake Sandyford, nje ya Dublin, aliendelea na ukulima, akabuni vitu: jiko la kuchomea udongo mkavu wa kinamasi ambao kwao ndio kuni, mzinga wa nyuki, hata kisigino cha kiatu chenye springi. Watu walimcheka kwa kisigino hicho.

Sasa nije kwenye miaka iliyofanya jina lake lijulikane nje ya kwao. Ireland iliingia Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1955. Kuanzia mwaka 1957 mpaka 1969 Aiken alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na kila mwaka alikwenda New York akaketi mwenyewe katika kiti cha nchi yake kwa majuma mengi. Mataifa makubwa yalidhani yamepata kura moja zaidi. Nchi ndogo, maskini, ya Kikatoliki, inayowachukia Wakomunisti, yenye jamaa zake mamilioni Marekani: kura yake itakwenda wapi tena?

Mwezi Septemba 1957 likaja suala la kiti cha China. Marekani haikutaka hata lijadiliwe. Aiken hakusema Peking ipewe kiti. Alisema tu kwamba jambo kama hilo yafaa lizungumzwe, akapiga kura hivyo. Kelele zilizotoka Marekani! Maaskofu wakakasirika, magazeti yakamwita kila jina. Naye mwaka uliofuata akarudi na jambo jingine, kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 1958 alipendekeza kwamba mataifa yenye mabomu ya nyuklia yasiyagawe kwa wengine, na yasiyokuwa nayo yaahidi kutoyatengeneza. Hoja yake ilikuwa ya kikulima kabisa: moto ukiwa katika nyumba mbili ni rahisi kuuangalia kuliko ukiwa katika nyumba ishirini, ingawa hizo mbili ni za matajiri wenye majivuno. Nchi nyingi zilikaa bila kupiga kura. Akarudi mwaka 1959. Akarudi 1960, mwaka ambao Ufaransa ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari, juu ya ardhi ya Algeria iliyokuwa ikipigania uhuru wake. Tarehe 4 Desemba 1961 azimio lake lilipita bila nchi hata moja kupinga. Kutoka azimio hilo ndipo ulipotoka Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na ulipofunguliwa kutiwa sahihi tarehe 1 Julai 1968, Aiken ndiye waziri wa kwanza aliyetia sahihi huko Moscow. Mkataba haukuwafanya wakubwa watupe mabomu yao, na jambo hilo ni aibu yao. Lakini hesabu ya nchi zilizo nayo hata leo ni ndogo, na katika sababu zake imo subira ya miaka kumi ya mtu aliyechekwa kwa kisigino cha kiatu.

Kwa Afrika je? Tarehe 14 Desemba 1960 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kutangaza kwamba ukoloni ukomeshwe kila mahali, nchi 89 ziliunga mkono, na Ireland ilikuwamo. Uingereza, Ufaransa, Ureno, Ubelgiji na Marekani zilikuwa katika zile 9 zisizopiga kura. Aiken alisema waziwazi dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Lakini haki isemwe: ilipofika kwenye kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya biashara, Ireland haikwenda umbali ambao nchi za Afrika zilitaka, na baada ya mwaka 1961, Dublin ilipoanza kubisha hodi kwenye Soko la Pamoja la Ulaya, kura zake zilianza kuwa za tahadhari zaidi. Tumbo la serikali lina sauti yake, hata serikali yenye waziri mwema.

Lipo jambo ambalo halikuwa la kura tu. Mwezi Julai 1960, Kongo ilipovurugika na Katanga ikajitenga kwa msaada wa Wabelgiji na fedha za migodi, Ireland ilipeleka askari wake chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Nchi ile haikupata kupeleka kikosi cha namna hiyo nje. Waliondoka wamevaa sare za sufu nzito za baridi ya kwao, wakateremka Kivu katika jua. Wengine wakapelekwa kaskazini ya Katanga, Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie. Tarehe 8 Novemba 1960 doria ya watu 11 ilikwenda kutazama daraja lililovunjwa karibu na Niemba. Hapo wakakutana na wapiganaji wa Kibaluba. Wabaluba hawa walikuwa na vita na askari wa Tshombe na wazungu waliokodiwa naye. Machoni mwao mzungu mwenye bunduki alikuwa mzungu mwenye bunduki. Yasimuliwa kwamba kiongozi wa doria, Luteni Kevin Gleeson, aliwasogelea akiwaamkia kwa neno moja la Kiswahili alilolijua: jambo. Mishale ikaanza. Walikufa 9 katika wale 11. Mwili wa mmoja wao haukupatikana mpaka miaka miwili baadaye.

Mimi kila nikilikumbuka neno lile moja husikitika. Wale waliouawa walitumwa kuizuia Katanga isikatwe kutoka Kongo; na waliowaua walikuwa wakipigana na Katanga hiyo hiyo. Dublin nzima ilisimama barabarani siku majeneza yalipopita. Serikali ingeweza kusema basi, turudishieni vijana wetu. Kuna wapiga kura ambao wangeshangilia. Aiken na wenzake hawakusema hivyo. Walibaki mpaka mwaka 1964, na jumla ya askari 26 wa Ireland walikufa Kongo. Kujitenga kwa Katanga kulivunjwa Januari 1963. Zilikuwapo aibu pia: Septemba 1961 huko Jadotville kampuni nzima ya askari wao ilizingirwa siku 5 bila msaada kufika, ikaishiwa risasi na maji, ikakamatwa, na waliporudi kwao walitazamwa miaka mingi kama waoga, ingawa hawakupoteza hata mtu mmoja katika kupigana na adui aliyewazidi sana. Serikali iliyowatuma haikuwatendea haki. Aiken naye alikuwa ndani ya serikali hiyo.

Huyu basi ndiye mtu. Alisema na Roosevelt, alisema na maaskofu, alisema na wenye mabomu. Hakunyamaza alipotakiwa kunyamaza na wenye nguvu. Turudi sasa kwenye mwaka 1973.

Mgombea aliyemkataa ni Charles Haughey. Mwezi Mei 1970 Waziri Mkuu Jack Lynch alimfukuza Haughey uwaziri kwa shutuma kwamba alihusika na mpango wa siri wa kuingiza silaha kwa ajili ya kaskazini, bila serikali kujua. Mahakama ilimwachilia mwezi Oktoba mwaka ule ule, na hukumu ya mahakama yapasa iheshimiwe. Lakini Aiken hakuwa akiuliza swali la mahakama. Alikuwa akiuliza swali la chama: je, mtu huyu anaaminika? Na nani alikuwa na haki ya kuuliza habari za silaha za siri na za kaskazini kuliko mtu wa Armagh, aliyewaamuru wenzake wafiche bunduki mwaka 1923? Alimshauri Lynch amtoe Haughey chamani. Lynch aliogopa chama kitapasuka. Hivyo Haughey akarudi polepole, tawi kwa tawi, chai kwa chai na wanachama, mpaka jina lake likapitishwa kwa uchaguzi.

Aiken akaondoka, nasi twajua tayari jinsi alivyoondoka.

Wanaomtetea husema: angesema, chama kingeshindwa. Kilishindwa vile vile! Uchaguzi wa tarehe 28 Februari 1973 Fianna Fáil ilipoteza serikali baada ya miaka 16. Kunyamaza hakukununua hata ushindi ule mmoja. Na wanachama wa kawaida, wale wa matawi ya vijijini waliompenda mzee na ambao wangemsikiliza, walinyimwa jambo la pekee ambalo mzee alikuwa nalo la kuwapa, yaani ushahidi wake. Walipiga kura zao ndani ya chama kwa miaka iliyofuata wakiwa gizani. Mwezi Desemba 1979 Haughey akawa mkuu wa chama na Waziri Mkuu.

Kilichofuata kimeandikwa na tume za serikali, si na maadui zake. Tume ya mwaka 1997 ilikuta kwamba alipokea zaidi ya pauni milioni moja kutoka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye maduka. Tume nyingine, iliyotoa taarifa Desemba 2006, ilikuta kwamba kati ya mwaka 1979 na 1996 alipewa jumla ya zaidi ya pauni milioni 9. Alikuwa na jumba kubwa nje ya Dublin, kisiwa chake mwenyewe baharini, na mashati ya kushonewa Paris. Na mtu huyu Januari 1980 aliketi mbele ya televisheni akawaambia wananchi kwamba nchi inaishi kupita uwezo wake, wafunge mikanda! Siwezi kusema kwamba Aiken alijua habari za fedha hizo mwaka 1973. Nyingi zilikuwa bado hazijatolewa. Alichojua ni tabia ya mtu. Mkulima huitambua mbegu mbovu kabla haijaota.

Mfano wa namna nyingine ulikuwapo, tena karibu naye. Paddy Smith alikuwa mkulima wa Cavan, mpiganaji wa zamani kama Aiken, na Waziri wa Kilimo. Mwezi Oktoba 1964 alijiuzulu, akaeleza sababu yake wazi kwa kila mtu: aliona serikali inavilegezea mno vyama vya wafanyakazi. Mimi naona Smith alikosea kabisa; mfanyakazi wa mjini si adui wa mkulima, na waziri wa kilimo anayedhani hivyo amepotea njia. Lakini alisema! Kila mtu alijua anasimamia nini, aliyetaka kumjibu alimjibu. Chama hakikufa. Smith naye hakufa. Watu wa Cavan waliendelea kumrudisha Bungeni mpaka alipostaafu mwaka 1977. Na aliyepewa kiti chake cha Kilimo mwaka ule wa 1964 alikuwa nani? Charles Haughey huyo huyo.

Basi yule aliyekuwa na hoja mbaya aliitangaza, na yule aliyekuwa na hoja njema aliizika. Hapo ndipo ninapoona ubaya wa lile neno uaminifu linavyotumiwa na wakubwa wa vyama. Mwanachama mwenye malalamiko madogo hupewa masikio, maana malalamiko madogo hayamtishi mtu. Mwenye jambo kubwa huambiwa: mzee, fikiria chama. Nao waliomsihi Aiken hawakuwa watu wabaya. Walikuwa rafiki zake wa tangu msituni, na labda hakuna mwingine duniani angeweza kumnyamazisha. Roosevelt alishindwa.

Aliishi miaka 10 zaidi Sandyford na hakuhudhuria tena mkutano mkuu wa chama chake. Alikufa tarehe 18 Mei 1983, akarudishwa kwao ng'ambo ya mpaka, akazikwa Camlough. Ni baada ya kifo chake ndipo gazeti la Dublin lilipochapa sababu ya kweli ya mwaka 1973. Siku wanachama walipoisoma, Haughey alikuwa mkuu wa chama, na miaka minne baadaye wakamfanya Waziri Mkuu tena.